Udongo Hausomi Waraka

Ifikapo mwezi wa Aprili kila mwaka, wabunge kutoka Visiwani, pamoja na maofisa wanaofuatana nao, huvuka bahari kwenda Dodoma kuhudhuria kikao cha bajeti. Wanapofika, mvua zinakaribia kuaga. Wanapoondoka mwishoni mwa Juni, nyasi zimekauka, upepo unavuma, na vumbi limepanda mpaka madirishani mwa ofisi. Ndipo wanaporudi nyumbani na habari za aina mbili. Wako wasemao kwamba wameona nchi kame isiyofaa kitu. Wako pia walioona tambarare ilivyonyooka hadi upeo wa macho, nao husema kwamba pale panahitajika matrekta tu na taifa zima litashiba.

Sisi tunaoandika maneno haya tukiwa Makole, kata iliyo katikati ya jiji la Dodoma, tunaona hatuna budi kusema kwamba habari zote mbili zina kasoro, na kasoro yake ni moja. Wasemaji wote wameutazama udongo kwa juu. Hakuna aliyeinama akauchimba. Na wahenga walikwisha sema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jambo hili si la wataalamu wa kilimo peke yao. Ni jambo la siasa, kwa kuwa siasa yetu tangu Azimio la Iringa la mwaka 1972 imejengwa juu ya neno kwamba siasa ni kilimo. Na ni jambo la Visiwani vilevile, kwa kuwa kosa lililofanyika katika nyanda za kati laweza kufanyika Unguja na Pemba bila ya kuhitaji pasi ya kuvukia.

Basi kwanza tuujue udongo wenyewe. Dodoma iko katika uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake kwa mwaka haifiki milimita 600, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mtu akisimama juu ya kilima cha mawe akatazama chini kuelekea bondeni, huona udongo ukibadilika kwa mpango maalumu. Kileleni ni mawe na changarawe. Mteremkoni ni udongo mwekundu au wa kichanga. Mwisho wa mteremko, karibu na mbuga, udongo huanza kuwa wa kijivu na wenye chembe laini zilizoletwa na maji. Chini kabisa ni mbuga yenyewe, udongo mweusi unaonata wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mpango huu uliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa Afrika Mashariki, katika miaka ya 1930, na Geoffrey Milne aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Alionyesha kwamba aina za udongo kutoka kilimani hadi bondeni zimeungana kama pete za mkufu mmoja. Ukiigusa pete ya juu, ya chini nayo hutikisika.

Wakulima wetu walikuwa wakiyajua hayo zamani. Wasukuma, kwa mfano, wana jina kwa kila pete ya mkufu huo, na udongo wa kijivu wenye chokaa ulio jirani na mbuga wanauita ibushi. Hawakuusoma katika kitabu. Waliusoma kwa jembe, wakajua upi wa mtama, upi wa pamba na upi wa kulishia ng'ombe.

Chokaa hiyo imetoka wapi? Msomaji wa Visiwani anaijua chokaa inayotokana na bahari, kwa sababu anaishi juu ya matumbawe ya kale. Chokaa ya nyanda za kati haikutokana na bahari. Maji ya mvua huyeyusha madini ya mawe, yakateremka nayo polepole. Mvua ingekuwa nyingi, ingeyasukuma madini hayo mpaka mitoni. Lakini mvua ni haba, jua ni kali, na maji hukauka kabla ya safari kwisha. Chokaa hubaki njiani, ikajikusanya chini ya udongo kwa umbo la vijiwe vyeupe, na pahali pengine tabaka gumu kama sakafu. Mwenye shaka na achukue donge la udongo huo alitilie siki. Likitoa povu, ujue chokaa imo.

Udongo wa namna hii una utajiri. Haukuchujwa na mvua nyingi, kwa hiyo chakula kingi cha mimea bado kimo ndani yake. Lakini tajiri huyu ana masharti. La kwanza, chembe zake ni laini mithili ya unga, na mvua kubwa ya kwanza ikiupiga ukiwa mtupu, uso wake huganda gamba. Maji yanayofuata hayazami, bali hutiririka yakichukua udongo kwenda nao. La pili, chokaa ikizidi huifunga fosforasi, chuma na zinki. Vitu hivyo vimo ardhini, lakini mizizi haiwezi kuvitwaa, na mkulima huona majani yakigeuka manjano huku akidhani ni ukame. La tatu, mbolea ya urea ikimwagwa juu ya udongo wenye chokaa na kuachwa juani, sehemu yake kubwa hupaa hewani kama mvuke. Lazima ifukiwe. Na la nne, ambalo ni kubwa kuliko yote, udongo huu huishi kwa mboji. Ukiondolewa nyasi, mabua na samadi, hubaki vumbi.

Hayo ndiyo masharti. Sasa tutazame yaliyowapata waliokataa kuyasoma.

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe Tanganyika kutafuta ardhi ya kulima karanga, maana baada ya vita Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Ujumbe huo, ulioongozwa na John Wakefield, ulifanya kazi yake kwa muda wa wiki tisa, na sehemu kubwa ya ardhi iliangaliwa kutoka ndani ya ndege. Ukapendekeza kulima zaidi ya eka milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, mashariki ya Dodoma.

Yaliyofuata yanajulikana. Yaliletwa matrekta yaliyobaki kutoka vitani, na vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa, ambao unapolowana huonekana laini na mpole, ulipokauka ukawa mgumu kama saruji. Mchanga mkali uliomo ndani yake ulisaga majembe ya chuma. Karanga, ambayo huzalia ardhini, ilifungiwa humo humo isiweze kung'olewa. Mvua nayo ikakataa kufuata ratiba ya London. Mwezi wa Januari 1951 mpango ulifutwa, na hasara iliyohesabiwa ilikuwa kiasi cha paundi milioni 36. Katika eka milioni 3 zilizokusudiwa, ni sehemu ndogo tu iliyopata kulimwa.

Tunaomba msomaji aliangalie neno moja. Fedha hazikukosekana. Mashine hazikukosekana, wala wataalamu hawakukosekana. Kilichokosekana ni shimo lililochimbwa kwa subira, na mtu wa kumwuliza Mgogo kwa nini yeye, katika ardhi ile ile, alipanda mtama na uwele na kufuga ng'ombe. Leo sehemu ya ardhi hiyo ni ranchi ya taifa. Inaota nyasi, na ng'ombe wanazila. Ardhi ilikuwa ikisema hivyo tangu mwanzo.

Kuna na fundisho la pili, ambalo Chama chetu kina sababu maalumu ya kulikumbuka. Katika miaka ya 1950 wakoloni waliwalazimisha wakulima wa milima ya Uluguru, Morogoro, kuchimba matuta ya ngazi kwa shabaha ya kuhifadhi udongo. Shabaha ilikuwa njema katika karatasi. Lakini matuta yale yaliufukua udongo wa chini usio na rutuba na kuufunika ule wa juu wenye rutuba, na mazao yakapungua. Mwaka 1955 wananchi wakasimama kukataa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilipata wafuasi wengi vijijini kwa sababu ya amri za kilimo za namna hiyo. Basi chama kilichokua kwa kuzipinga amri zisizosoma udongo hakipaswi kuzitoa.

Lakini ukweli, ingawa ni mchungu, ni kwamba tulizitoa. Chama kisichojikosoa hakina budi kukosolewa na njaa. Katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, na katika operesheni za vijiji zilizofuata nchini, watu walikusanywa pamoja kwa nia ya kuwapatia shule, zahanati na maji. Nia hiyo hatuikani, na matunda yake yapo. Hata hivyo, katika vijiji vingi mahali pa kijiji palichaguliwa kwa kufuata barabara, si kwa kufuata udongo. Watu wengi na ng'ombe wengi wakakutana mahali pamoja, mashamba ya jirani yakalimwa bila ya kupumzishwa, miti ikaisha, na udongo uliokuwa ukitumiwa kwa zamu ukatumiwa kila mwaka hadi ukachoka.

Juu zaidi, huko Kondoa, jeraha lilikuwa la miaka mingi. Udongo wa huko si wa chokaa. Ni ndugu yake mwekundu wa mteremkoni, lakini mkufu ni ule ule. Makorongo yalikuwa yamekula nchi kiasi cha kuficha nyumba. Mwaka 1973 Serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Nyasi zikarudi, miti ikarudi, na makorongo mengi yakatulia. Mwaka 1986 hatua kama hiyo ikachukuliwa Mvumi.

Hatutakuwa waadilifu tukisema kwamba ushindi huo ulipatikana bure. Familia zilikosa maziwa na samadi, na wenye mifugo waliipeleka mbali kwa jamaa na marafiki. Ilipofika mwaka 1989 ndipo ufugaji wa ng'ombe wachache wa maziwa ndani ya mabanda ulipoanza kuruhusiwa, wakilishwa nyasi zilizokatwa, na samadi ikarudi shambani. Tunayojifunza kwa HADO ni mawili. Udongo ukipumzishwa hupona. Na mwananchi asipoonyeshwa atakula nini wakati udongo unapumzika, atauona uhifadhi kuwa ni adui yake.

Wala tusidhani kwamba haya ni matatizo ya nchi changa peke yake. Nyanda za majani za Marekani zina udongo wa chembe laini wenye chokaa chini yake, na ni miongoni mwa ardhi zenye rutuba kubwa duniani. Katika miaka ya 1930, baada ya majani yake kupinduliwa kwa plau na mvua kukatika, upepo uliunyanyua udongo huo ukawa mawingu meusi, na mamia ya maelfu ya wakulima wakahama. Mwaka 1935 serikali yao ililazimika kuunda idara maalumu ya kuhifadhi udongo. Na sisi tunao udongo wa ukoo huo kaskazini ya nchi yetu, katika nyanda za Serengeti zenye majani mafupi. Majivu ya volkeno yaliyopeperushwa na upepo yamejaza uwanda ule udongo laini wenye chokaa, na chini yake sakafu ngumu ambayo miti haiipenyi. Hakuna aliyeulima. Unaota majani mafupi yenye madini, na kila masika nyumbu zaidi ya milioni moja huja kuyala na kuzaa juu yake. Ardhi ile inafanya kazi inayoiweza.

Tunayasema hayo leo kwa sababu Dodoma inajengwa upya. Uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa ulikaa miaka mingi ukisubiri, lakini tangu 2016 Serikali imehamia kweli kweli, na mwaka 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 410,956 katika manispaa. Ile ya mwaka 2022 ikakuta watu 765,179. Watu hao wanataka viwanja, barabara na maji. Viwanja vinapimwa juu ya mashamba ya mtama, ya uwele na ya zabibu, na kila paa jipya na kila lami mpya huongeza maji yanayokimbia juu ya udongo badala ya kuzama ndani yake.

Wakati huo huo Serikali inarudi shambani kwa nguvu. Ruzuku ya mbolea ilianza kutolewa katika msimu wa 2022/23. Mwaka 2023 mashamba makubwa ya pamoja ya vijana yalianzishwa Chinangali na Ndogowe, humu humu mkoani Dodoma. Sisi tunaiunga mkono juhudi hiyo bila ya kigugumizi. Kijana aliyepewa ardhi, maji na masoko ana heshima kuliko kijana anayezurura stendi. Lakini kwa kuwa tunaiunga mkono, tuna wajibu wa kuuliza. Hatuulizi kama udongo umepimwa. Tunauliza ni nani aliyesoma majibu, na ni waraka gani uliobadilishwa kwa sababu ya majibu hayo.

Tutoe mfano mmoja. Katika Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua nyingi zimeuchuja udongo na kuuacha na tindikali, wakulima wanahimizwa kutia chokaa ya kilimo, na ushauri huo ni sahihi kabisa. Waraka ule ule ukiletwa kwenye kingo za mbuga za Dodoma, utamtuma mkulima anunue chokaa aimwage juu ya chokaa. Atakuwa ametumia fedha zake kuufunga udongo uliokwisha kufungwa. Dawa ya Njombe inakuwa sumu ya Dodoma. Hilo halitokani na ubaya wa mtu yeyote. Linatokana na desturi ya ofisi kuandika barua moja kwa wilaya zote.

Ndugu zetu wa Visiwani wanalielewa jambo hili kuliko wanavyodhani. Mkulima wa Unguja hawezi kuyachanganya maweni na kinongo. Anajua kwamba kinongo, ule udongo mwekundu wenye kina, ni wa miti na migomba, kinamo cha bondeni ni cha mpunga, na uwanda wa mawe ni wa kuchokorea kwa kijembe, mtu akapanda muhogo, mtama na choroko katika vishimo vilivyo baina ya mawe. Hakuna mzee wa Makunduchi ambaye angekubali kupeleka trekta juu ya maweni. Lakini udongo huo wenye kina, ambao Unguja haunao kwa wingi, ndio unaojengwa nyumba kila siku pembezoni mwa mji, na mchanga unachimbwa mashambani kwa ajili ya nyumba hizo hizo. Katika kisiwa, ardhi ikishafunikwa au ikishachukuliwa, hakuna wilaya ya jirani ya kuhamia. Tunachokitaka kwa Dodoma, basi, tunakitaka na kwa Visiwani.

Nini kifanyike? Kwanza, shimo litangulie hotuba. Kabla ya shamba lolote kubwa au mtaa wowote mpya kuidhinishwa, udongo uchimbwe kutoka kilimani hadi bondeni, na majibu yasomwe mbele ya kikao chenye mamlaka ya kuamua. Wataalamu tunao, huko Mlingano, Makutupora na Hombolo. Wasiitwe baada ya mambo kuharibika.

Pili, maagizo ya kilimo yaandikwe kwa kufuata udongo, si kwa kufuata mipaka ya utawala. Penye chokaa, mkulima aambiwe afukie urea, atie samadi, aache mabua shambani, na apande mazao yanayovumilia, kama mtama, uwele na alizeti. Zabibu nayo imekwisha kuthibitisha kwamba nyanda za kati zaweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka pale penye maji na udongo usiotuamisha maji.

Tatu, maji ya mvua yazuiwe pale yanapoanguka. Makinga maji, majaluba ya mpunga mabondeni, na kazi ya kuchipuza visiki vya miti ya asili, inayojulikana hapa Dodoma kwa jina la Kisiki Hai, ni mambo yasiyohitaji mkopo wa nje. Yanahitaji jembe na makubaliano ya wanakijiji.

Nne, mipango ya jiji iyaache mashamba mazuri yawe mashamba. Ardhi yenye mawe ipo ya kutosha kujengea, na nyumba haiulizi rutuba.

Tano, mkulima aulizwe. Majina anayoupa udongo wake ni elimu iliyokwisha kulipiwa kwa njaa za mababu.

Sisi tuliopita chuoni tulifundishwa kwamba mtu akikosa maji ya kutawadhia anaweza kutayamamu kwa udongo safi, na kwamba mwanadamu mwenyewe asili yake ni udongo. Kitu kinachoweza kumtwaharisha mja mbele ya Mola wake hakistahili kudharauliwa na karani. Udongo hausomi waraka, hausikii hotuba, wala haujui nani ni mkubwa ofisini. Unajua mvua, jua, mboji na mkono uliouinamia. Waliokuja Kongwa na paundi milioni 36 waliliona hilo wakiwa wamekwisha chelewa. Sisi tumeonyeshwa mapema, kwa hasara ya wengine na kwa hasara yetu wenyewe. Hatutakuwa na udhuru.